Mfuko Ambao Bi. Mahfudha Hakuufungua

Bi. Mahfudha Khalil Azzam anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya meli za matembezi kwa miaka ishirini na saba na miezi minne. Aliajiriwa mwezi Machi 1998 akiwa karani wa tiketi, akawa mkaguzi wa mizigo mwaka 2001, na ukiondoa miaka mitatu ambayo nitaieleza, amesimama pale chini ya ngazi ya kupandia melini mpaka leo. Hajawahi kuchelewa safari hata moja.

Kamati ya hafla ya kumuaga ilinipa mimi, Valerian Anselmo, mkuu wa wahudumu wa vyumba, kazi ya kuandika wasifu wake. Walisema nimefanya naye kazi miaka mingi kuliko wote waliobaki, na kwamba kalamu yangu si mbaya. Nilipaswa kukataa palepale. Sikukataa, kwa sababu kukataa kungezaa maswali, na mimi maswali nimeyakimbia kwa miaka kumi na moja.

Bi. Mahfudha ni mzaliwa wa Kinondoni, mtoto wa pili wa Mzee Khalil Azzam, ambaye duka lake la vitambaa na vyombo liko mtaa uleule tangu kabla binti hajazaliwa. Alijifunza hesabu kwa kupima vitambaa kwa yadi nyuma ya kaunta ya baba yake. Mumewe alifariki mapema, naye akawalea watoto wawili kwa kazi hii. Wote wawili wamesoma na wana kazi zao.

Kwa wageni wa hafla wasioifahamu meli yetu, niseme kwamba inatoka Dar es Salaam kwenda Unguja, Pemba na Mafia, na safari ni siku tano. Sheria yake moja inajulikana kuliko zote: abiria hapandi na kinywaji chake chenye kilevi. Baa ipo, atakunywa atakachoagiza humo. Alichotoka nacho nyumbani kinabaki mlangoni. Na mlangoni alikuwepo Bi. Mahfudha, ambaye maishani mwake hajaonja hata bia, lakini kwa kuzitambua pombe aliwazidi wanywaji wote wa Temeke.

Chupa ya maji ambayo kifuniko chake kimefunguliwa na kurudishwa kwa gundi aliijua kwa kuigusa tu. Tikiti maji lililodungwa sindano na kujazwa pombe kali alilipiga kwa vidole mara mbili, akaliweka pembeni. Bwana mmoja alikuja na dawa ya kusukutulia mdomo, ya kijani kibichi, lita mbili nzima. Bi. Mahfudha akamtazama kwa upole, akamuuliza, "Baba, kwani una meno mangapi?" Foleni nzima ilicheka, na yule bwana akacheka kuliko wote.

Kulikuwa pia na yule mama aliyekuja na mimba kubwa. Bi. Mahfudha alimwonea huruma ya kweli, akamvutia kiti akae wakati mizigo yake inakaguliwa. Mama akaketi, na tumbo likalia kluku, kluku. Ulikuwa mpira wa kukandia maji ya moto, umejazwa wiski mpaka shingoni. Hakumwaibisha. Alimpeleka chumba cha akina mama, akatoka na ule mpira umefunikwa kwa kanga, akamwandikia stakabadhi.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Kila chupa aliibandika jina la mwenyewe, akaifungia kabatini, na siku ya kurudi akamkabidhi kwa mikono miwili: "Hii hapa chupa yako, imepumzika salama." Haijapotea hata moja.

Wahudumu wapya wakimuuliza kwa nini anahangaika hivyo, wakati kampuni inataka tu kuuza vinywaji vyake, aliwajibu vilevile kila mwaka. "Mtu akinywea baa, kuna mwenzenu anamwona amefika wapi. Akinywea chumbani peke yake, nani atamwona? Halafu anatoka nje, na nje huku ni bahari na ngazi za chuma." Nilimsikia akisema hivyo mara nyingi sana. Nilikuwa nikitikisa kichwa kukubaliana naye.

Sasa niseme nililofanya.

Desemba 2013 nilikuwa mhudumu wa vyumba wa kawaida. Nilikuwa nakaa Ukonga, na jirani yangu mmoja, Bwana Audax, alikata tiketi kumi na mbili za familia yake kusherehekea miaka ishirini na mitano ya ndoa. Alikuwa mtu mkubwa mtaani, mwenye nyumba ya ghorofa na sauti inayosikika kona zote. Wiki moja kabla ya safari alinisimamisha nje kwa kinyozi, mbele ya watu.

"Vale, wewe si ndiye mwenyeji wa ile meli? Nimeambiwa kuna mama pale mlangoni hapitishi hata tone."

"Huyo mama nitamalizana naye," nikasema.

"Niingizie chupa sita tu. Jamaa zangu hawawezi kunywea baa kama watoto wa shule."

Hakuniahidi chochote na wala sikumwomba. Ningelipwa, leo ningekuwa na la kujitetea, kwamba nilikuwa na shida. Sikuwa na shida. Watu wa mtaani walikuwa wananitazama pale kwa kinyozi, na nikataka waendelee kunitazama.

Shuka za meli zilikuwa zinafuliwa kwenye dobi letu la Chang'ombe, na kila safari nilikuwa nazileta mimi ndani ya mifuko mikubwa ya turubai. Bi. Mahfudha aliikagua mifuko hiyo kama mizigo mingine. Aliingiza mkono mpaka begani, akapapasa hadi chini. Nilijua hawezi kuzikosa chupa sita. Basi asubuhi ya safari nilifika mlangoni nimeinamisha kichwa.

"Vipi, Vale? Mbona hivyo?"

"Da Mahfudha, mama yangu yuko hoi. Nimetoka hospitali sasa hivi. Hata sijui kama nitarudi nimkute."

Akashika kifua. "Ya Rabi. Na wamekulazimisha kusafiri?"

"Kazi, dada. Nitafanyaje?"

Mkono wake ulikuwa tayari uko kwenye kamba ya mfuko. Akauondoa, akanishika bega, akasema, "Pita, mwanangu, pita. Nitamwombea." Kisha akafungua mkoba wake, akanipa pakiti ya tende alizokuwa amejiwekea za safari. "Mpelekee mama. Mgonjwa akila hata moja, inampa nguvu."

Mama yangu, Rosalia, alikuwa mzima wa afya siku hiyo. Alikuwa mbele ya nyumba Ukonga akikaanga vitumbua.

Siku ya pili ya safari, saa kumi alasiri, shemeji wa Bwana Audax aliyeitwa Deogratias alitoka chumbani akaelekea sitaha ya juu kupiga picha. Alikuwa amekunywa tangu asubuhi. Ngazi alizipanda. Kuzishuka hakuweza. Alianguka ngazi tisa, akavunjika mfupa wa nyonga. Meli iligeuza kurudi Unguja kumshusha, na mpaka leo, kwa ninavyosikia, anatembea na fimbo. Mimi ndiye niliyetumwa kusafisha chumba. Nilizitoa chupa chini ya kitanda moja moja, nikazipanga juu ya meza mbele ya nahodha, na nilipoulizwa kama ninajua zimeingiaje nikasema sijui.

Bwana Audax naye hakunitaja. Alisema zilikuwa kwenye mabegi yao, mkaguzi ndiye hakuziona.

Kikao cha nidhamu kilifanyika Januari 2014, ofisi zetu za Chang'ombe, ghorofani juu ya dobi. Aliyekiongoza alikuwa Bwana Lusungu, meneja wa wakati huo, ambaye alishahama kampuni. Tuliitwa mashahidi wanne, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikaa kiti cha karibu na dirisha. Bwana Lusungu aliweka mezani fomu ya ukaguzi yenye saini ya Bi. Mahfudha.

"Umesaini kwamba mizigo yote imekaguliwa. Ni kweli?"

"Si kweli," akasema. "Mfuko mmoja niliupitisha bila kuufungua. Hilo ni kosa langu."

"Mfuko wa nani?"

Hakugeuka kunitazama. Nilikuwa nimeshika kingo za kiti.

"Wa mtu asiyeweza kufanya jambo kama hilo," akasema.

Bwana Lusungu alimwambia ataje jina. Akajibu kwamba huyo mtu ana mgonjwa wa kufa nyumbani, na yeye hatamwongezea mzigo mwingine kwa kosa ambalo ni la mkono wake mwenyewe. Walimuuliza tena mara mbili. Kisha wakaandika kwamba amekataa kutoa ushirikiano.

Kinywa kilikuwa changu. Sentensi moja tu ingetosha. Nilitazama dirishani.

Alipewa onyo la maandishi na kuhamishiwa dobi. Miaka mitatu alihesabu shuka na taulo kwenye joto la mashine, yeye aliyezoea upepo wa gati na salamu za watu. Na mimi, kwa kuwa nilionekana kijana mtulivu asiye na makuu, mwaka 2016 nilipandishwa kuwa mkuu wa wahudumu. Kila wiki nilikwenda kuchukua shuka Chang'ombe. Alinipa mifuko imefungwa vizuri, akaniuliza habari za mama. Nilimjibu kwamba amepata nafuu. Baadaye nikamjibu kwamba amepona kabisa, naye akapiga makofi kwa furaha.

Mwaka 2017 meneja wa sasa, Bi. Herieth, alimrudisha mlangoni kwa sababu tangu aondoke chupa zilikuwa zinapita kama maji. Lakini lile onyo halikutoka kwenye faili. Nafasi ya mkaguzi mkuu ilipita mara mbili mbele yake, na mwezi Aprili mwaka huu kamati ilipokaa kupanga hafla hii, tuliambiwa kwamba cheti cha utumishi uliotukuka hapewi mwenye onyo. Nilikuwa mjumbe wa kikao hicho. Hata siku hiyo nilinyamaza.

Nilikwenda nyumbani kwake Kinondoni Jumamosi moja ya mwezi Mei, saa tano asubuhi, na daftari langu, ili anipe mambo ya kuandika. Alinikaribisha kwa kahawa na kashata. Tulicheka sana. Alimwigiza yule mama wa mimba mpaka akafuta machozi. Kisha nikamuuliza, "Na ile miaka ya Chang'ombe, dada, niiandikeje?"

"Andika nilihamishwa, basi. Wenye kujua wanajua." Akaweka kikombe chini. "Ila kuna kitu kimoja sijawahi kukwambia, Vale, na sasa naondoka. Mie nilikukosea siku ile."

"Mimi?"

"Kwenye kikao. Nilivyosema kuna mfuko sikuufungua, nikakuona umebadilika rangi. Mtu una mama kitandani, halafu mie nakutia mashakani mbele ya wakubwa. Imenikaa hapa miaka yote. Huwa najiliwaza kwamba walau mama alipona. Kheri ilikuwemo."

Alikuwa ananiomba msamaha. Nilifunga daftari. Sijui nilifunguaje kinywa, ila nakumbuka nilimwambia nikitazama zulia.

"Da Mahfudha, zile chupa niliingiza mimi. Zilikuwa ndani ya ule mfuko."

Akasukuma sahani ya kashata pembeni.

"Na mama hakuwa mgonjwa."

"Hakuwa mgonjwa hivi vipi?"

"Alikuwa mzima. Alikuwa Ukonga, anauza vitumbua. Nilisema vile ili usifungue mfuko."

Nilitegemea apige kelele. Akasema polepole, "Mie nilimsomea dua mama yako miezi mitatu. Kila baada ya Alfajiri. Nilikuwa namtaja kwa jina." Kisha akainuka, akaingia ndani, na nikasikia maji yanatoka bombani. Alikawia mpaka kahawa yangu ikapoa. Aliporudi uso ulikuwa na maji, na hakukaa tena karibu nami. Alikaa kiti cha mlangoni.

"Unajua walisema nini mtaani hapa?" akaniuliza. "Walisema binti wa Khalil anawauzia watu pombe melini. Mie, Vale. Mtoto wa nyumba hii. Wateja wakija dukani walimuuliza baba kwa mzaha kama mzigo umefika. Baba aliswali msikiti wa hapo kona miaka arobaini. Akaacha. Akawa anakwenda wa mbali, kwa miguu, na uzee wake. Nilipomuuliza akaniambia feni za hapa zimeharibika. Kaka yangu ndiye aliyeniambia ukweli, kwamba feni nzima zote, ila baba hawezi kukaa safu moja na wale watu."

Nilisema samahani. Lilikuwa neno dogo sana, na lilipotoka nikatamani nisingelisema.

"Usinipe hiyo samahani hapa ndani ambapo hakuna anayetusikia," akasema. "Walinisema nje. Andika. Si umepewa kazi ya kuandika? Na usiandike kwamba nimekusamehe, maana bado. Sijui lini. Ukiandika nimesamehe utakuwa umenidanganya mara ya pili."

Kwa hiyo sijaandika hivyo, na yeyote atakayesoma asidhani hivyo.

Jioni ile nilimweleza mama. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ina unga. Hakuuliza kuhusu chupa wala kuhusu kazi yangu. Aliuliza, "Na zile tende alizonipa ulizipeleka wapi?" Nilizila melini, zote, siku ya kwanza. Mama hakuzungumza nami siku nne.

Jumatatu nilimpelekea Bi. Herieth barua ya kurasa mbili. Aliisoma nimesimama, akaisoma tena, akaniuliza kama ninaelewa ninachokifanya. Nikasema ndiyo. Onyo la Januari 2014 limefutwa kwa maandishi, na barua ya kulifuta ina saini ya mkurugenzi. Cheti cha utumishi uliotukuka kimetengenezwa, na Bi. Mahfudha Khalil Azzam atakipokea kwenye hafla hii pamoja na wenye haki ya kukipokea. Hakuna anayempa zawadi kwa hicho cheti. Kilikuwa chake siku zote. Kamati ya nidhamu itakaa kuhusu mimi wiki moja baada ya hafla, na watakaloamua nitalipokea.

Baadhi ya wajumbe waliona maneno haya yasichapishwe kwenye siku ya furaha. Bi. Mahfudha mwenyewe ndiye aliyekataa yapunguzwe. Aliongeza sharti moja: yasiachwe kwenye karatasi tu, na msema chochote wa hafla asiyasome. Niyasome mimi mwenyewe, na nisisome kwa kunong'ona, kwa sababu baba yake atakuwepo, ana miaka themanini na tano, na masikio yake yamechoka.

Bi. Mahfudha, wenzako wa gati, wa jikoni, wa mitambo, wa vyumba na wa dobi tunakushukuru. Uliwafundisha vijana wetu kumkatalia mtu bila kumdharau, na hilo wengi hatujaliweza. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na king'ora cha meli, na wajukuu watakaokuchosha kwa maswali. Ustaafu kwa amani ya mtu aliyefanya kazi yake sawasawa.

Na sasa naomba niinue macho kwenye karatasi na nisogee mbele kidogo, nisikike.

Mzee Khalil, shikamoo. Naitwa Valerian Anselmo, wa Ukonga. Binti yako hakuingiza pombe melini, hakuuza, wala hakujua. Niliingiza mimi.